Chenji Niliyoirudisha



Wengi wenu mnanijua kama mwalimu wa dini, na wachache mnanijua pia kama dereva wa ile Toyota Hilux nyeupe ya chama chetu, iliyotengenezwa mwaka 1994, yaani kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Leo sitawafundisha somo la katekisimu. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyonunua vipande viwili vya chuma vinavyotosha katika kiganja cha mkono, na mambo yaliyotufika kwa sababu ya ununuzi huo. Nilinyamaza kwa muda wa miaka miwili, na hata niliposema, niliwaambia watu wawili tu. Sasa ninaliandika jambo hili kwa kuwa baadhi yenu mmeanza kutumwa sokoni mkiwa na fedha za wenzenu.

Vipande hivyo ni beringi za gurudumu, ambazo katika gereji zetu za Lubumbashi huitwa rulema. Mnazijua tangu utotoni: zikishachakaa, watoto huziomba kwa fundi, wakazifunga chini ya ubao na kujitengenezea kigari cha kuteremkia kilimani. Lakini kazi yake ya kwanza si mchezo. Gurudumu la mbele huzunguka, na mhimili unaolibeba hauzunguki. Kati ya hivyo viwili ndipo beringi inapokaa. Ina pete mbili za chuma, ya ndani na ya nje, na katikati yake zimepangwa gololi au rola zinazobingirika ili chuma kisisugue chuma. Uzito wote wa gari na wa watu waliomo hupita hapo.

Katika Hilux ya zamani kama yetu, kila gurudumu la mbele lina beringi mbili, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Rola zake zina umbo la pia, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Umbo hilo lina sababu. Gurudumu halibebi uzito wa kutoka juu peke yake. Gari likikata kona, husukumwa pia kutoka ubavuni. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi katika mji wa St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi za namna hiyo mwaka 1898, kwa sababu magari yake nayo yalikuwa yakikata kona yakiwa na mzigo.

Mwezi wa Februari 2014, gurudumu letu la mbele la kushoto lilianza kuvuma. Mvumo ulipanda kadiri mwendo ulivyopanda, na ulizidi kila nilipokata kona ya kulia, wakati uzito wa gari unapoegemea kushoto. Nililipeleka gari kwa fundi mmoja wa Kamalondo, mzee aliyekuwa akiyajua magari ya namna hiyo tangu ujana wake. Aliliinua kwa jeki, akalishika gurudumu juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa. Likacheza. Akalizungusha polepole, huku ameweka vidole vyake juu ya springi, akaniambia niweke na vyangu. Nilihisi mkwaruzo mdogo, kama wa mchanga katika unga.

“Mwalimu,” akasema, “beringi zimekwisha. Ununue zote mbili za gurudumu hili, pamoja na sili yake.” Akaniandikia namba kwenye kipande cha katoni. Nilipokuwa nikiondoka akaniita tena: “Usininunulie kisanduku, Mwalimu. Ninunulie beringi.”

Fedha nilizokuwa nazo hazikuwa zangu. Zilikuwa dola 70 ambazo kikundi cha vijana wa wakati ule walizipata kwa kufyatua matofali, kuyachoma na kuyauza, Jumamosi baada ya Jumamosi. Waliniona mtu wa kuaminika, wakanikabidhi zote bila hata kuziandika.

Katika duka la vipuri niliwekewa mezani seti mbili. Ya kwanza ilikuwa dola 62, ya pili dola 18. Namba zilikuwa zile zile. Rangi ya visanduku ilikuwa ile ile, na hata jina lililoandikwa juu yake lilikuwa moja. Nilipouliza tofauti, muuzaji aliinua mabega: “Zote ni sawa, Baba. Hii imepitia njia nyingine tu.”

Ningependa kusema kwamba nilidanganywa. Si kweli. Kisanduku cha bei ndogo kilikuwa na herufi moja iliyokosewa katika jina la kampuni. Maandishi kwenye pete yalikuwa hafifu, na nilipoyasugua kwa kidole gumba yalififia. Beringi mpya hufungwa ikiwa na mafuta mepesi ya kuilinda na kutu. Hii ilikuwa kavu. Nilipoizungusha, ilikwama kidogo mahali pamoja, kisha ikaendelea. Nilipoomba stakabadhi yenye jina la kampuni iliyotengeneza, muuzaji aliandika neno “rulema” tu, pamoja na bei. Macho yangu yaliona mambo hayo matano. Nikachukua ile ya dola 18.

Kwa nini? Kwa sababu nilikwisha kuona, kabla sijatoka dukani, jinsi nitakavyosimama mbele ya kikundi na kurudisha chenji. Na ndivyo ilivyokuwa. Jumapili baada ya Misa nilizihesabu dola 52 mezani, moja baada ya nyingine. Vijana walinipigia makofi. Mmoja wao alisema, “Laiti viongozi wa nchi wangekuwa kama Mwalimu wetu!” Kwa sehemu ya chenji hiyo walinunua mpira wa miguu wa ngozi, wa kwanza uliokuwa mali ya kikundi, na fedha iliyobaki wakairudisha kwenye kasha.

Fundi alipoifungua seti ile hakupiga kelele. Aliigeuza mkononi, akauliza nilikoinunua. Nikamjibu: “Namba ni zile zile.” Alinitazama kidogo, kisha akaifunga. Wanafunzi wake walikuwa wamesimama pale, naye hakutaka kumwaibisha mwalimu wao.

Jibu langu lilikuwa kweli, na lilikuwa jibu la ujinga. Namba ya beringi hueleza aina na vipimo vyake. Chukueni mfano wa beringi ya gololi yenye namba 6205, ambayo hupatikana katika mashine nyingi: tarakimu mbili za mwisho, 05, ukizizidisha kwa 5 unapata 25, yaani tundu lake lina upana wa milimita 25. Kampuni ya Uswidi, ya Japani au ya Marekani ikitengeneza 6205, zote zitaingia mahali pamoja. Hiyo ni faida kubwa kwa mnunuzi. Lakini aliyechonga chuma kibovu kwa vipimo vile vile naye anaweza kuiandika namba ile ile. Namba itakuambia kama beringi itaingia. Kama itadumu, namba haisemi.

Kudumu kunatokana na mambo yasiyoonekana. Chuma cha beringi nzuri huwa na kaboni kiasi cha asilimia 1 na kromi kiasi cha asilimia 1.5, kisha hupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu hadi kiwe kigumu sana. Ugumu huo unahitajika kwa sababu rola hugusa pete kwenye mstari mwembamba tu, na mstari huo ndio unaobeba mzigo. Chuma kikiwa na uchafu ndani yake, ufa mdogo huanzia hapo, magamba hutoka, na magamba hayo husagwa pamoja na grisi na kuzila rola nyingine. Tena mzigo una hesabu yake: wahandisi wanajua kwamba ukiiongezea beringi ya rola mzigo mara mbili, maisha yake hupungua hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi. Nasi, wapendwa, mnajua jinsi tunavyopakia magari yetu.

Majuma matatu baadaye tulisafiri kwenda Kasenga kwenye mkutano wa vijana. Ni safari ya kilomita zaidi ya 200 kutoka Lubumbashi hadi ukingo wa mto Luapula, na ng'ambo ya mto ni Zambia. Njia hiyo ni ya samaki tangu zamani. Wakati wa ukoloni wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga wakinunua samaki na kuwapeleka mjini kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi, na hadi leo malori ya samaki hupishana humo na malori ya makala. Tulikuwa watu kumi na wawili katika gari, pamoja na magunia ya unga, sufuria na magodoro. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mara nyingi tulipita katika madimbwi yaliyofika katikati ya magurudumu. Kitovu cha gurudumu kilichopata moto kikizamishwa ghafla katika maji baridi huvuta maji ndani, ikiwa sili haikubani sawasawa. Na sili yetu nayo ilitoka katika kisanduku kile kile.

Tulipokwisha kupita njia panda ya Kasomeno niliusikia mvumo. Niliutambua mara moja. Msichana mmoja aliyeketi nyuma upande wa kushoto alipiga kioo cha kabini akapaza sauti: “Mwalimu, kuna kitu kinalia huku chini!” Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Pembeni palikuwa na uwanja wa shule, kavu na tambarare. Lakini kusimama kulikuwa na maana ya kuvua gurudumu mbele ya macho yao wote, na beringi ya majuma matatu ingeonekana. Nikamjibu: “Ni barabara tu, binti yangu. Imbeni!” Wakaimba, na sauti zao zikaufunika mvumo.

Labda kilomita kumi na tano baadaye ilikuja harufu ya grisi inayoungua. Nilipoanza kukanyaga breki usukani ulivutwa kwa nguvu upande wa kushoto, ukasikika mlio wa chuma, na gurudumu likatutangulia barabarani peke yake. Gari lililala ubavu katika mtaro. Mwendo haukuwa mkubwa, na kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa. Lakini kijana mmoja wa miaka 17 aliangukiwa na gunia la unga na ubavu wa gari, mkono wake wa kuume ukavunjika mara mbili kwenye kiwiko. Lori la samaki lililokuwa likirudi tupu ndilo lililompeleka hospitali. Njia nzima nilimshika kichwa, naye hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Watu wote walisema kosa ni la barabara. Paroko alisema hivyo, wazazi walisema hivyo, nami niliitikia. Barabara ni mbaya kweli, haikuhitaji shahidi. Fundi alipokwenda kulivuta gari alizichukua beringi zile, akaziweka katika kitambaa. Hakusema neno. Rola tatu zilikuwa zimevunjika, nyingine zimegandamana na pete, na pete yenyewe imekuwa na rangi ya samawati kama ya chuma kilichotoka motoni.

Miaka miwili ikapita. Kijana yule alimaliza shule. Mkono wake haukunyooka tena kabisa, na haunyooki hadi leo. Akapenda ufundi wa magari, akaenda kujifunza kwa fundi yule yule wa Kamalondo. Jioni moja alikuja nyumbani kwangu, akakifungua kitambaa juu ya meza, akauliza kwa upole, kama mwanafunzi anavyouliza somo: “Mwalimu, beringi hii haikufa kwa uzee. Chuma chake hakikuwa chuma. Waliinunua wapi?”

Alisema “waliinunua”. Hata wakati ule alinipa mlango wa kutokea. Sikuutumia. Nilimwambia yote: seti mbili, dola 62 na dola 18, herufi iliyokosewa, uwanja wa shule pale Kasomeno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Twende tukamwambie Mama.”

Mama yake alikuwa akipepeta unga uani. Alinisikiliza bila kusimamisha mikono yake. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: “Ile chenji ilinunua nini?” Nikajibu kwamba ilinunua mpira. Akanyamaza kidogo. “Na mpira huo bado wanaucheza?” Nikasema ulikwisha kupasuka mwaka uliopita. Akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta. Alinisamehe baadaye, kwa maneno na kwa matendo, lakini swali lake halijaondoka kwangu, nami siombi liondoke.

Vijana wapendwa, kwa muda mrefu nilifikiri kosa langu lilikuwa ubahili. Sasa naona kwamba bahili huhifadhi fedha zake mwenyewe. Mimi nilihifadhi fedha zenu kwa kuwapunguzia ulinzi wenu, kisha nikapokea makofi kwa ajili ya hesabu hiyo. Nilitaka nionekane mwaminifu zaidi ya nilivyotaka kuwafikisha salama. Na baada ya kununua sifa hiyo, ilinibidi niilinde kila siku: dukani, kwa fundi, na pale barabarani msichana aliponionya.

Ili masimulizi haya yasiwe majuto matupu, nawaachia yale ambayo fundi na mwanafunzi wake wamenifundisha. Mtu akiwatuma kununua beringi ya gari la zamani, soma namba kwenye pete ya ile iliyotolewa, usiitegemee kumbukumbu. Uliza jina la kampuni iliyotengeneza, na duka liliandike kwenye stakabadhi. Muuzaji asiyekubali kuliandika amekwisha kukujibu. Makampuni yenye sifa, kama SKF, Timken, Koyo, NSK na NTN, huigizwa mno, kwa hiyo jina peke yake halitoshi: tazama maandishi yaliyochongwa sawasawa, kisanduku kisichofunguliwa, mafuta ya ulinzi, na mzunguko usiokwama. SKF ina hata programu ya simu ya kupeleka picha za kisanduku ili wao wenyewe wakague kama ni halisi. Bei ikiwa chini sana ya maduka mengine yote, jiulize nani atakayelipa tofauti.

Beringi ya rola za pia ibadilishwe pamoja na pete yake ya nje. Usiweke rola mpya juu ya pete ya zamani. Nunua sili mpya. Tumia grisi ya beringi inayostahimili joto, na usiichanganye na nyingine. Pete ya nje iingizwe kwa presi au kwa kifaa chake, isigongwe ovyo kwa nyundo. Nati ikazwe huku gurudumu likizungushwa ili rola zikae mahali pake, kisha ilegezwe, halafu ikazwe tena kwa kiasi kidogo na kufungwa. Baada ya kilomita chache simama, uguse kitovu kwa uangalifu, ukilinganishe na cha upande wa pili. Kikiwa na moto kuliko mwenzake, usiendelee. Na mtu aliye nyuma akisema kuna kitu kinalia, simama.

Hilux bado iko hai. Beringi zake za sasa alizichagua kijana yule mwenyewe, nami nilikwenda naye kama mbeba mkoba. Alizikagua kwa muda mrefu hata muuzaji akachoka. Safari hiyo hatukurudisha chenji. Tulipungukiwa dola 4, tukarudi kwenye kikundi kuziomba. Hakuna aliyepiga makofi. Waliuliza tulinunua nini, tukaiweka stakabadhi mezani, wakaisoma mmoja mmoja.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Ni wakati gani uliwahi kusifiwa kwa jambo ambalo wewe mwenyewe ulijua lina kasoro? Ulifanya nini?

2. Katika kikundi chetu, anayetumwa kununua kitu huulizwa habari za bei tu, au pia za ubora wa kitu chenyewe? Turekebishe nini?

3. Ni sauti gani tumeambiwa kwamba “ni barabara tu”, ambayo inatupasa kusimama na kuichunguza?